Kanuni za ujenzi zifike hadi Gatongora

Tangu mwezi Machi 2025 nchi yetu imekuwa na kanuni mpya za kitaifa za ujenzi. Kanuni hizo, zilizotangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2024, zimechukua mahali pa zile za mwaka 1968 ambazo zilitutawala kwa zaidi ya nusu karne. Wasanifu wa majengo na wahandisi wamezipokea kwa furaha, na wana haki ya kufurahi. Sheria iliyotungwa wakati Ruiru ilipokuwa kituo kidogo kati ya mashamba ya kahawa haingeweza kuendelea kuyatawala majengo yanayotuzunguka hivi leo.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo sijalisikia likiulizwa kwa sauti ya kutosha. Kanuni iliyoandikwa Nairobi hufikaje Gatongora? Hupitia mikono ya nani, huidhinishwa na nani, na ni nani anayehakikisha kwamba fundi aliye juu ya kiunzi anaifuata? Ni swali linalowahusu walimu na wanafunzi kama linavyowahusu mawakili, kwa maana sote twalala chini ya paa fulani, na wengi wetu twafundisha au twafundishwa chini ya paa ambalo hatujui lilikaguliwa lini.

Asiyeijua Gatongora aelezwe kwa ufupi. Ni wadi mojawapo ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Nchi hii ilijulikana kwa kahawa, na hata leo aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 inaitwa Ruiru 11. Mashamba yakakatwakatwa, yakauzwa vipande vipande, na leo ukisema ‘hamsini kwa mia’ kila mtu ajua kwamba unazungumzia ploti ya futi hamsini kwa futi mia. Kulingana na hesabu ya watu ya mwaka 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Mwaka 2019 walikuwa 490,120. Kwa muda wa miaka kumi mji uliongezeka maradufu, ukaupita Eldoret na Kisumu kwa idadi ya watu. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, umbali wa kwenda Nairobi ulipungua machoni pa wapangaji, na palipokuwa na mbuni pakaota ghorofa.

Mimi ni mmoja wa wapangaji hao. Naishi katika ghorofa ya tatu ya jengo ambalo sikumbuki kuliona likikaguliwa na mtu yeyote. Siku moja nilimwuliza mtunzaji wa jengo letu kama ramani zake ziliidhinishwa na Kaunti. Alicheka, akaniambia, “Mwalimu, wewe lipa kodi ya nyumba, hayo mengine muachie mwenyewe.” Sikumlaumu. Alinijibu kama ambavyo angejibiwa mpangaji yeyote katika mtaa huu, na huo ndio msiba wenyewe.

Ili tuelewe tulivyofika hapa hatuna budi kurudi nyuma. Kanuni za mwaka 1968 zilikuwa za namna ya pekee. Hazikuwa sheria iliyomfunga kila mtu mara tu ilipochapishwa. Waziri wa Serikali za Mitaa alitunga mfano wa sheria ndogo ndogo, kisha kila baraza la mji au la wilaya likaachiwa hiari ya kuuchukua mfano huo kwa azimio la madiwani na kuufanya kuwa sheria yake. Twaweza kusema kwamba zilikuwa sheria za kulea, mfano wa mtoto aliyezaliwa nyumba moja akaenda kulelewa katika nyumba nyingine. Pale ambapo baraza lilikubali kumlea, sheria iliishi. Pale ambapo hapakupatikana mlezi, sheria ilibaki karatasi.

Tena mifano ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa wa majengo ya kudumu, ya mawe na saruji, ukifuata kwa karibu sana viwango vya Uingereza. Wa pili, ulioitwa wa Daraja la Pili, ulikuwa wa sehemu maalumu ambako baraza lingeruhusu vifaa vya bei nafuu zaidi, kama vile mbao na udongo, ili mtu wa kipato kidogo naye ajenge kwa mujibu wa sheria. Wazo hilo la pili lilikuwa la busara. Lilikiri kwamba mji si wa tajiri peke yake.

Yaliyotokea yanajulikana. Mabaraza mengi yalivutiwa na mfano wa kwanza kwa sababu ya fahari. Nani angependa kuwa diwani wa mji wa Daraja la Pili? Lakini wananchi wengi hawakuwa na uwezo wa kujenga kwa kiwango hicho. Wakajenga nje ya sheria, nao wakubwa wakafumba macho. Ndivyo tulivyopata miji miwili katika kila mji: mmoja wenye kanuni kali zisizomfaa mwananchi, na mwingine usio na kanuni hata moja. Sheria iliyowekwa juu kupita kiasi ilizaa ukosefu wa sheria.

Katika miaka ya tisini lilifanywa jaribio la kurekebisha mambo. Mwaka 1995 zilitolewa kanuni zilizopunguzwa ukali kwa nyumba za gharama nafuu. Hazikumwamrisha mjenzi atumie kifaa fulani tu. Zilimtaka aonyeshe kwamba ukuta wake waweza kubeba mzigo na kuzuia mvua. Manispaa ya Nakuru ilikuwa miongoni mwa zilizojitahidi kuzitumia. Lakini kwa kuwa hizo nazo zilihitaji kukubaliwa na kila baraza, mabaraza mengi hayakuzipokea. Mtoto alizaliwa vizuri, akakosa wa kumlea.

Tusidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haina sheria moja ya ujenzi inayolitawala taifa zima. Mifano ya kanuni hutungwa na chama cha wataalamu, kisha kila jimbo, na katika majimbo mengine kila mji, huamua kuupokea mfano huo wote, kuurekebisha au kuuacha. Zamani vilikuwapo vyama vitatu vikuu vya namna hiyo, kila kimoja kikiwa na nguvu katika sehemu yake ya nchi. Mwaka 1994 viliunda baraza moja, na kanuni zao za pamoja zikaanza kutoka kwa ukamilifu mwaka 2000. Hata hivyo uamuzi wa mwisho ulibaki kwa majimbo na miji.

Jimbo la Florida linatupa funzo kubwa. Mwezi Agosti 1992 kimbunga kilichoitwa Andrew kilibomoa maelfu ya nyumba kusini mwa jimbo hilo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sehemu iliyoumia zaidi ilikuwa na kanuni zilizosifiwa kuwa miongoni mwa bora nchini humo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kanuni zilikuwapo lakini ukaguzi ulikuwa umelegea. Nyumba zilikuwa nyingi, wakaguzi wachache, na paa zilipigiliwa ovyo. Jimbo likatunga kanuni moja kwa ajili ya miji yake yote, iliyoanza kutumika Machi 2002. Funzo lake ni la pande mbili. Kuachia kila mji uamue peke yake kuna hatari, na kuwa na kitabu kizuri bila mkaguzi kuna hatari vilevile.

Nasi tumekusanya mafunzo yetu, tena kwa gharama ya damu. Mwaka 1996 duka la Sunbeam liliporomoka katikati ya jiji la Nairobi. Oktoba 2009 jengo lililokuwa likijengwa mjini Kiambu lilianguka na kuua. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la makazi lililosimama karibu na mto huko Huruma liliangukia wapangaji wake, na maiti zilizoopolewa zilikaribia hamsini au zaidi. Septemba 2022, huko Kirigiti, mwendo mfupi kutoka makao makuu ya Kaunti yetu, jengo ambalo halijamalizika liliangukia nyumba za majirani na kuwaua watu waliokuwa wamelala. Wenzetu wa Dar es Salaam nao walizika watu 36 baada ya jengo la ghorofa 16 kuanguka mwezi Machi 2013, na Novemba 2024 wakarudi kulia Kariakoo. Msomaji atazame: waliokufa Kirigiti hawakuwa wenye jengo, wala wapangaji wake, wala mafundi wake. Walikuwa majirani. Kwa hivyo yule asemaye kwamba ploti ni yake na ajenge apendavyo hana hoja.

Sasa tuzitazame kanuni hizi mpya. Hazisubiri tena azimio la madiwani. Zimetungwa na Waziri chini ya sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011, na zinatumika nchini kote. Kwa upande mmoja hili ni jambo jema, maana usalama wa mtoto wa Gatongora hautategemea tena kama madiwani wake walikumbuka kupiga kura. Kwa upande mwingine, Katiba ya mwaka 2010 imeigawa kazi. Serikali ya taifa imepewa sera ya makazi na kanuni za jumla za kupanga matumizi ya ardhi. Kaunti zimepewa mipango na maendeleo ya mahali, pamoja na makazi yenyewe. Ramani huidhinishwa na Kaunti. Kontrakta husajiliwa na Mamlaka. Mwisho wa yote, jengo likianguka, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole.

Juu ya hayo kuna kifungu ambacho wananchi wengi hawakijui. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi inasema kwamba mtu aliyeomba ruhusa ya ujenzi asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Nia ya kifungu hicho ni njema: kumwokoa mwombaji kutokana na uzembe wa maofisa na wale wanaokalia faili mpaka wapewe chai. Lakini tufikiri kidogo. Katika mji unaoongezeka maradufu kila baada ya miaka kumi, ambamo maofisa wa mipango ni wachache na maombi ni mengi, kimya cha ofisi chaweza kuwa ndicho kinachojenga ghorofa tano. Kimya hakiwezi kusoma ramani. Kimya hakipimi udongo.

Nataja udongo kwa sababu hapo ndipo mahali panapohitaji sauti ya wenyeji. Sehemu nyingine za Ruiru na Juja zina udongo mwekundu uliozoea kahawa, na nyingine zina udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi unaofaa katika udongo wa kwanza hauwezi kufaa katika ule wa pili. Kanuni ya taifa yaweza kusema kwamba udongo upimwe, lakini haiwezi kujua wapi katika Gatongora udongo mwekundu unakoma na mweusi unaanza. Kaunti yaweza kujua. Wazee waliolima mashamba haya wanajua. Hii ndiyo sababu nasema kwamba hata kama kanuni ya taifa inatufunga sote, Bunge la Kaunti halikupunguziwa kazi. Kanuni ya taifa iwe sakafu ambayo hakuna ruhusa ya kwenda chini yake, na Kaunti iongeze juu yake yale ambayo mahali panadai.

Najua wenye majengo watasema nini, nao wasikilizwe. Watasema kwamba kila kanuni ni gharama, na gharama huishia katika kodi ya nyumba. Mpangaji aliye na chumba kimoja atahamia wapi? Hoja hii si ya kupuuzwa, maana ndiyo iliyoziua kanuni za 1968. Lakini tutofautishe mambo mawili. Ukubwa wa sebule, urembo wa dirisha na aina ya vigae ni mambo ambayo sheria yaweza kuyalegeza kulingana na mfuko wa mwananchi. Uimara wa nguzo, upana wa ngazi na njia ya kukimbilia moto ukiwaka si mambo ya kulegezwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kosa letu la zamani lilikuwa kuukazania mlango na kuusahau msingi.

Tena si kweli kwamba usalama wote ni ghali. Wanafunzi na waelewe jambo hili dogo. Zege ambalo mafundi wengi hulitaja ni la kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Fundi akiamrishwa kubana saruji, nguzo itasimama kwa macho lakini haitabeba. Zege likishamwagwa huhitaji kumwagiliwa maji kwa siku nyingi, angalau juma moja, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Mwenye jengo anayeharakisha kuondoa miti ya kushikilia na kupandisha ghorofa nyingine juu yake hajaokoa pesa nyingi. Ameokoa siku chache tu. Maji na subira si vitu vya matajiri.

Wakati mmoja niliwapeleka wanafunzi wangu wa Jiografia kuzunguka mtaa wetu kwa miguu wakapime matumizi ya ardhi. Walipima kwa hatua nafasi iliyo kati ya jengo na jengo. Mahali pengine walikosa kupata hatua moja. Mtu angeweza kusimama dirishani akamwamkua jirani kwa mkono. Msichana mmoja akatazama juu, akahesabu ghorofa, kisha akauliza, “Mwalimu, moto ukiwaka pale chini, ngazi ni hii moja tu?” Nilimjibu kwamba ndiyo, ni hiyo moja. Mtoto wa kidato cha pili aliona kwa dakika moja jambo ambalo ofisi nzima haikuliona kwa miaka.

Hapo ndipo suala hili linapoingia shuleni kabisa. Sisi walimu tunao mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Unasema milango ya mabweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwekwe vyuma vya kuzuia mtu kutoka, na kila bweni liwe na mlango kila upande pamoja na mlango wa dharura katikati. Mwongozo huo ulikuja baada ya msiba wa Kyanguli, Machakos, wa Machi 2001, ambapo wavulana 67 waliteketea. Hata hivyo Septemba 2019 madarasa ya shule moja ya Ngando, Dagoretti, yaliporomoka asubuhi na kuwaua watoto waliokuja kusoma, na Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto bwenini huko Endarasha, Nyeri. Mwongozo ulikuwapo. Ni walimu wangapi wamewahi kuushika mikononi? Ni wanafunzi wangapi wanajua kwamba mlango wa bweni lao unafunguka upande usiofaa?

Kwa hivyo, nina maoni machache ambayo nayaweka mbele ya wakuu wa Kaunti na mbele ya wananchi.

Kwanza, Bunge la Kaunti ya Kiambu lizijadili kanuni hizi hadharani, wadi kwa wadi, na kutunga nyongeza zinazohusu udongo, mito, mabonde na ploti za mahali petu. Wananchi waitwe jioni au Jumamosi, wakati watu wamerudi kutoka Nairobi, wala si Jumanne saa nne asubuhi.

Pili, uandikwe muhtasari wa kanuni kwa Kiswahili chepesi. Mafundi wanaojenga nchi hii hawazungumzi Kiingereza cha mawakili. Sheria ambayo haijulikani kwa yule anayetakiwa kuifuata ni mtego.

Tatu, Kaunti iajiri wakaguzi wa kutosha, na kila jengo likaguliwe linapochimbiwa msingi, linaposimamishwa nguzo na kabla ya kila sakafu ya juu kumwagwa. Mkaguzi atie sahihi jina lake. Jina la mtu likiwa kwenye karatasi, macho yake hufunguka.

Nne, kila mahali pa ujenzi pawekwe ubao wenye nambari ya idhini, jina la mhandisi na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Mpita njia akiona ghorofa ya saba katika jengo la tano, awe na haki ya kuuliza na ofisi iwe na wajibu wa kumjibu.

Tano, kile kifungu cha siku 60 kitazamwe upya kwa majengo ya ghorofa. Ofisa anayechelewesha jibu aadhibiwe yeye, asiadhibiwe mpangaji wa kesho.

Mwisho, shule zifanye sehemu yake. Hatuhitaji somo jipya. Mwalimu wa Hisabati afundishe uwiano kwa zege, mwalimu wa Jiografia afundishe udongo kwa misingi, na mwalimu wa Historia na Serikali aeleze jinsi sheria inavyotoka kwa Waziri hadi kwenye Kaunti hadi mlangoni. Wanafunzi wakague mabweni na madarasa yao wenyewe kila muhula, waandike walichokiona, nayo bodi ya shule isome.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno uliotundikwa ukutani haukati lolote. Kanuni za 1968 zilitundikwa ukutani kwa kuwa ziliachwa kwa hiari ya mabaraza yasiyozipenda. Hizi za 2024 zaweza kutundikwa ukutani kwa sababu nyingine, yaani kila mtu kudhani kwamba maadamu ni za taifa, si kazi yake. Gatongora itaendelea kujengwa, kesho na mwaka ujao, kwa maana watu wanahitaji mahali pa kulala. Wakuu wa Kaunti waamue sasa ni nani atakayekuwa akitazama wakati nguzo zinasimamishwa, na jina lake litangazwe.